Sitamtia Mwanangu Matone

Nachingwea, Kambi ya Matrekta
4 Juni 1950

Mke wangu Goreti, Mama Lusiana,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, na kama wewe, mtoto na mama yangu ni wazima huko Mbwemkuru, moyo wangu umetulia. Barua hii anakuletea Eustakio, yule tunayelala naye banda moja. Amepewa likizo anakwenda kwao, na njia yake inapita mlangoni kwetu. Mpikie vizuri, kanisaidia mengi huku.

Hii kazi ya kung'oa msitu ili zipandwe karanga ni kazi ya wanaume kweli. Makatapila mawili yanavuta mnyororo katikati, miti inalala kama mabua ya mtama, na nyuma yake tunapita sisi wa matrekta. Mvua zimekatika, sasa ni vumbi. Jioni ukipenga kamasi unatoa matope mekundu. Mafua yalinishika siku za Pasaka, vumbi likayakuta pale pale, pua ikaziba kama chupa iliyotiwa gunzi. Nilikuwa nalala mdomo wazi, naamka ulimi mkavu.

Basi nimepata dawa! Ni kichupa kidogo, kina mrija wa kioo na kipira cha kubonyeza. Unalaza kichwa nyuma, unadondosha matone mawili kila tundu, na kabla hujamaliza Baba Yetu pua imefunguka kama barabara ya katapila. Nilinunua dukani hapa, daktari hahitajiki. Tangu nianze sijaacha. Chupa yangu inakaa mfuko wa shati, hata kwenye trekta.

Eustakio ataniletea salamu zako akirudi. Kwake nimeweka chupa nyingine mpya, sabuni na kanga ya mama. Chupa ni ya Lusiana. Uliniandikia kwamba anakoroma akinyonya na pua imembana. Mtie matone mawili kila tundu, asubuhi na jioni, atapona.

Ni mimi mumeo,
Teofili

*

Mbwemkuru
11 Juni 1950

Baba Lusiana,

Milele amina. Eustakio amefika, amekula ugali wa muhogo na kuku, akashiba. Mama ameipenda kanga, ameivaa kanisani siku ile ile ingali na harufu ya duka. Ahsante kwa sabuni.

Chupa nimeipokea pia. Sitamtia mwanangu matone hayo.

Usikunje uso kwanza, nisikilize. Maandishi ya kwenye chupa ni ya Kizungu, mimi siyajui na wewe huyajui. Eustakio nilimwuliza, "Hapa pameandikwa nini kuhusu mtoto mchanga?" Akasema, "Shemeji, mimi najitia tu." Wewe una kifua kama mlango, unaendesha trekta. Lusiana bado hajaweza kukaa bila kuegemezwa. Kipimo cha kukufungua wewe kitamfanya nini yeye? Kama hakuna anayejua, basi mimi siwezi kujaribu kwa mtoto niliyemzaa kwa shida vile.

Nimeificha chupa juu ya kabati la unga. Nikipata nafasi nitakwenda nayo Ruangwa, kwenye dispensari ya misheni, nimwulize Sista. Akisema nimtie, nitamtia siku hiyo hiyo na nitakuandikia kwamba ulisema kweli. Kwa sasa namfuta kamasi kwa kitambaa laini, namnyonyesha mara kwa mara, na anapata nafuu.

Mama amekasirika. Aliniambia mbele ya Eustakio, "Mwanangu anakula vumbi kwa ajili yenu, wewe unaitupa dawa yake juu ya kabati." Ni mama, nikaendelea kumpakulia mgeni. Lakini chupa haikushuka.

Mkeo,
Goreti

*

Nachingwea
18 Juni 1950

Goreti,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona jina la Sista kabla ya jina langu. Mtoto ni wa nani? Misheni walikufundisha kusoma ili uwasomee wakwe zako barua, si ili upime maneno ya mumeo.

Dawa hii wanatumia watu wazima wenye akili. Fundi mkuu wa gereji anayo. Eustakio anatumia ya kwangu, hajafa. Mimi nilianza na asubuhi na jioni, sasa natia na mchana, na usiku nikiamka natia tena, kwa sababu vumbi limezidi. Nisipotia pua inafunga kabisa, kuliko hata mwanzo. Hiyo ndiyo inaonyesha kwamba naihitaji! Kama ingekuwa mbaya ningeona.

Usiseme mwandiko wangu umeharibika. Mkono unatetemeka kidogo siku hizi, ni usukani wa trekta. Na usingizi umekuwa haba kwa sababu ya kelele za kambi. Hayo hayakuhusu.

Ninaamuru. Mtie mtoto matone. Nikija nikisikia bado anakoroma, tutazungumza kwa namna nyingine.

Teofili

*

Mbwemkuru
24 Juni 1950

Baba Lusiana,

Umeamuru, nimesikia. Sitamtia.

Mtoto anaendelea vizuri. Tunakata ufuta, sijapata nafasi ya kwenda Ruangwa. Mama hazungumzi nami ila kwa kazi.

Wewe usiku unaamka mara ngapi kujitia?

Goreti

*

Nachingwea
2 Julai 1950

Kwa Goreti,

Eustakio amerudi leo. Amenieleza yote, na aliniambia akiwa amesimama, hakutaka hata kuketi. Akitoka kwao alipita tena kwetu, akakuta watu wamejaa uani. Mama yangu ameanguka penye ufuta, kabebwa kwa machela kupelekwa Ruangwa, macho yamemgeuka. Majirani wanasema ni matone ya pua. Na chupa, Goreti, chupa imekutwa chumbani kwako!

Kwa mtoto ulikataa, ukasema dawa hamuijui. Kwa mama yangu ukaijua? Alikukemea mbele ya mgeni, ukaiweka moyoni, ukamtilia. Ndivyo ninavyoona, na hakuna atakayenitoa hapo. Ruhusa ya kuja nimeomba nikanyimwa, kuna mambo hapa kazini ambayo si yako.

Barua hii ikifika, fungasha. Rudi Kilimarondo kwa baba yako. Eustakio amenisikia nikilisema neno hili kwa mdomo wangu, ni shahidi. Mtoto umwache kwa Mama akiwa hai. Kama si hai, Mungu atakuuliza.

Teofili

*

Mbwemkuru
7 Julai 1950

Teofili,

Siondoki.

Mama yako yu hai. Ameketi hapa nje, anachambua ming'oko, ile mizizi ya porini, ananiuliza naandika nini kwa kalamu inayokwaruza hivyo. Nimemwambia namwandikia mwanawe. Amesema, "Mwandikie kwa nguvu."

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hukuuliza, ulihukumu.

Baada ya barua yangu ya mwisho, nilikwenda mtoni kuchota maji, mtoto mgongoni. Mama alikuwa na mafua, pua imembana. Akapanda kigoda, akaishusha chupa yako juu ya kabati, akajitia. Pua ikafunguka. Niliporudi nilimkuta anacheka peke yake, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka mgodini. Akaniambia, "Umeona? Dawa ya mwanangu. Kama wewe humwamini, mimi nitamwamini kwa pua yangu mwenyewe." Nikamwomba anirudishie. "Mama, tumwulize Sista kwanza." Akaitia ndani ya nguo, kifuani. "Njoo uichukue hapa kama wewe mwanamume!"

Ningefanyaje, Teofili? Ningemvua mama yako nguo?

Siku zile alikuwa akijitia kila pua ilipombana, hana kipimo, anabonyeza kipira mpaka kinywani anaonja uchungu. Akaanza kulalamika kichwa, nyuma kisogoni. Akasema moyo unapiga kama mchi kinuni. Nilimsihi aache, akasema ni jua. Tulipokuwa tunapiga ufuta uani akashika mti, akasema, "Goreti, dunia inazunguka," akaanguka juu ya mkeka. Nilipomfungua nguo apate hewa ndipo chupa ikadondoka. Niliirusha chumbani kwangu ili mtu mwingine asiichukue. Hiyo ndiyo chupa waliyoiona majirani, kabla sijaichukua tena kumwonyesha Sista.

Wanaume wanne walimbeba. Mimi nilikimbia pembeni, mtoto mgongoni, chupa mkononi. Huko dispensari Sista alimfunga mama kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama saa yake. Uso wake ulibadilika. Alisema presha ya mama iko juu sana, na inaonekana alikuwa nayo siku nyingi bila kujua. Matone yale yanabana mishipa ya damu. Ndani ya pua nyama iliyovimba inanywea, hewa inapita, ndiyo maana mtu anafurahi. Lakini hayaishii puani. Mengine yanashuka kooni na kuingia mwilini, na kwa mtu mwenye presha yanaipandisha zaidi. Mwenye presha au moyo mbovu asiyaguse bila daktari. Walimlaza, wakamtazama mpaka presha ikashuka.

Kisha nikamwonyesha chupa, nikamwuliza kuhusu Lusiana. Sista aliyasoma yale maandishi madogo mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akaniuliza, "Umemtia?" Nikasema, "Hapana." "Hata tone moja?" "Hata moja." Akaketi. Akasema mtoto mchanga akitiwa dawa hii anaweza kulala usingizi asioamshika, mwili ukapoa, pumzi ikawa inakuja na kukawia. Wapo waliokufa.

Usome hapo tena. Uliamuru kwa mkono wako.

Kwa mtoto amenipa njia yake: maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo sana, yasizidi ladha ya machozi, namdondoshea kabla ya kunyonya, namfuta. Akishindwa kunyonya au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, nimkimbize kwake.

Mwisho akauliza, "Na mwenye kuinunua, ameitumia tangu lini?" Nikasema tangu Pasaka. Akatikisa kichwa. Anasema dawa hii si sumu, mtu mzima mwenye afya akishikwa na mafua anaweza kuitumia siku tatu, zikizidi sana tano, kisha aache, hata kama bado hajapona. Ukizidisha, pua inaizoea. Dawa ikiisha nguvu ile nyama inavimba kuliko mwanzo, unatia tena, inavimba tena. Vumbi halihusiki hapo. Pua yako inazibwa na hayo hayo matone. Na mkono kutetemeka, na kukosa usingizi, amesema si usukani wala kelele.

Njia ya kutoka ipo. Acha tundu moja kwanza. Lile lingine liendelee kidogo, ili usiku upate pa kupitishia hewa. La kwanza likifunguka lenyewe, acha na la pili. Tumia maji ya chumvi, lala umeinua kichwa, jifunge kitambaa puani ukiwa kazini. Itakuwa vibaya kabla haijawa vizuri. Nenda upimwe presha hapo hapo Nachingwea. Na usichangie chupa na Eustakio, mnapeana kamasi.

Nimemaliza ya Sista. Ya kwangu ni haya. Hii nyumba nimeikandika udongo mimi ukiwa huko. Mtoto nimemzaa mimi, na amepona kwa sababu nilikukatalia. Kilimarondo nitakwenda siku nikitaka kumsalimia baba yangu, nitarudi jioni ninayotaka mimi. Ukitaka nitoke, njoo mwenyewe unitoe mbele ya mama yako.

Goreti

*

Mbwemkuru
9 Julai 1950

Teofili mwanangu,

Mimi mama yako Marselina nasema, na anayeandika ni Mwalimu Amiri wa shule ya hapa, si mkeo, usije ukasema kanitia maneno mdomoni kama unavyosema kanitia dawa puani. Mwalimu amenisomea barua yako ile ya kumfukuza mtu. Niliikuta, nikamwomba anisomee.

Nilijitia mwenyewe. Nilipanda kigoda mwenyewe, kwa miguu hii. Nani wa kunitia kitu nisichotaka? Hata marehemu baba yako hakuweza.

Goreti alinikataza, nikamtukana. Nilipoanguka ndiye aliyeshika kichwa changu njia nzima, anapepea kwa kanga ile uliyoniletea. Ningekuwa na mkwe mtiifu, huyu mjukuu angekuwa amezikwa, na mimi pembeni yake. Unaelewa? Mwalimu anataka kuandika kwa upole, nimemwambia aandike nilivyosema.

Ukimfukuza, na mimi nafungasha. Tutakwenda wote watatu Kilimarondo, utakuja kukuta mbuzi.

Dawa yako sitaki tena.

Marselina, mama yako. (Hiki ni kidole chake, mimi Amiri nimeshuhudia.)

*

Nachingwea
6 Agosti 1950

Mama Lusiana,

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya kukubishia.

Sista amenikera. Nilisema nitamwonyesha kwamba pua yangu haina bwana. Nitaacha chupa siku moja tu, nione kama itafunga. Ilifunga kabla ya chakula cha mchana. Usiku niliketi kitandani mdomo wazi kama kuku mwenye kiu, mkono unaitafuta chupa wenyewe. Nikatia. Asubuhi nilipoiona imelala kwenye mto wangu, nilipandwa na hasira. Mimi ninayeng'oa mibuyu nimepigwa na kitu cha ukubwa wa kidole!

Basi nikaanza vita. Tundu la kulia kwanza, kama mlivyosema. Eustakio alinicheka, akanipa yake, akasema, "Tia kaka, unajitesa kwa maneno ya wanawake." Nilimwambia, "Maneno ya wanawake yamemwacha mwanangu hai. Ya kwako yamefanya nini?" Mwenye duka naye aliniona napita, akaniinulia chupa kwa mbali. Nikampa mgongo.

Zilikuwa siku mbaya. Kichwa kizito, chakula hakina ladha, upande mmoja umekufa. Ukaja kufunguka polepole, kwanza asubuhi tu, baadaye mchana. Nikaacha na la kushoto. Chupa niliimwaga mchangani nikaivunjavunja kwa gurudumu la trekta.

Nimesema trekta, lakini si langu. Nilikuficha. Mwezi wa sita nilisinzia juu ya usukani, sikuwa nimelala usiku mwingi, trekta likapanda kisiki likalala ubavu. Sikuumia. Waliniondoa, wakanitia gereji kuosha vyuma, ndiyo maana nilinyimwa ruhusa. Nilikuwa na aibu, nikaona heri nikugombeze wewe. Nimepimwa presha, dresa, yule msaidizi wa daktari hapa, anasema ilikuwa imepanda, sasa inashuka.

Lile neno la kukufukuza, sijui nilipe jina gani. Nalirudisha.

Teofili

*

Mbwemkuru
13 Agosti 1950

Baba Lusiana,

Nimefurahi kwamba hukuumia. Nililia kidogo, halafu nikakasirika tena.

Neno hulirudishi kwa barua. Ulilisema kwa mdomo, mbele ya shahidi, na Eustakio amekwisha kulitembeza. Huko Kilimarondo baba yangu ameulizwa na watu kama nimeachwa kwa kumwekea mkwe sumu. Utakuja. Utakwenda na Eustakio huyo huyo mpaka kwa baba yangu, utalisema mbele yake kwamba ulikosea, na Eustakio asikie. Baadaye utakuja kwangu.

Kama ni kazi ngumu, ulisema wewe ni mwanamume wa kung'oa miti.

Goreti

*

Nachingwea
20 Agosti 1950

Goreti,

Tunakuja Jumamosi, mimi na Eustakio. Amegoma mara mbili, nimemwambia nitambeba.

Teofili

*

Mbwemkuru
24 Septemba 1950

Mume wangu Teofili,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini umefika salama na umerudishiwa trekta kama walivyokuahidi. Baba yangu ametuma salamu. Anasema Eustakio alitoka jasho kuliko wewe. Mimi sikusema siku ile, nasema sasa: nilikuwa macho usiku ule wa kwanza uliporudi hapa. Ulilala mdomo umefumba, pumzi inapita puani. Nilikusikiliza muda mrefu, nikasema moyoni, huyu sasa ndiye niliyeolewa naye.

Nikupe habari ya mnada. Alikuja mchuuzi na baiskeli kutoka kwenye maduka ya huko kwenu, ana sanduku la vichupa vile vile. Amepanda juu ya jiwe anapaza sauti, "Pua iliyoziba! Kwa mzee, kwa mtoto, kwa mwenye mimba, kwa kila mtu!" Wanawake wakaanza kusogea, jirani yetu Mwanamvua tayari amefungua pindo la kanga, mtoto wake mchanga mgongoni ana makamasi. Nikapita mbele. Nikasema, "Kaka, kwa mtoto umesoma wapi? Nionyeshe hapo kwenye chupa." Akaniambia mimi ni nani, nimwachie riziki yake. Nikasema, "Uza. Muuzie mtu mzima asiye na presha, mwambie siku tatu aache, na kila mtu na chupa yake. Ukisema mtoto, sitoki hapa." Akanitukana, akasema mwanamke huyu hana mume?

Ndipo nikasikia fimbo inagonga. Mama yako! Alikuwa ametoka nyumbani bila kuniambia, kanga kaifunga kiunoni. Akasimama mbele ya lile jiwe, akalaza kichwa nyuma, akafumba macho. "Mimi ni mzee. Umesema kwa mzee. Haya, nitie. Nilianguka mara ya kwanza, nitaanguka ya pili, na watu hawa wote watakusaidia kunibeba, wewe mbele." Uwanja mzima ukacheka kicheko kimoja. Mwanamvua akafunga pindo lake. Mchuuzi alifunga sanduku akaondoka anasukuma baiskeli, hata kupanda hakukumbuka.

Mama amekuwa mtu mgumu sasa. Wanawake wanakuja hapa kuuliza maji ya chumvi, na mtu akiniuliza mimi, anajibu yeye.

Jana Lusiana ameota jino. Nimejua kwa sababu ameniuma ziwa. Nimemkemea, akaniacha, akanitazama, akacheka, akaniuma tena.

Mkeo,
Goreti